Ukurasa wa nne, kipengele cha 17

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi wenyewe mfupi, yaani ukitaka kusaini lazima uiname mpaka pua inakaribia karatasi, na ukishainama hivo huoni kilichoandikwa juu, unaona tu ule mstari wa vitone ambao afisa utumishi kauwekea kidole anakwambia hapa, na hapa, haya nenda, mwingine. Mwaka 2013, barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kiwanda cha plastiki ambacho sitakitaja jina. Tulikuwa kwenye foleni kama watu arobaini na jua la saa nne lilishaanza kutuchoma utosi, na nyuma yetu kulikuwa na wengine wengi tu wameegemea ukuta wanasubiri mmoja wetu asite ili waitwe wao.

Mi sikusita. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane na kodi ya chumba Vingunguti nilikuwa nadaiwa miezi miwili. Nilisaini kurasa zote tano kwa chini ya dakika moja.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu wiki iliyopita mdogo wangu wa kike kapata kazi, kanitumia picha za mkataba wake kwenye simu anasema kaka hebu nisomee kabla sijarudisha, na nilivokuta mle ndani kile kipengele cha kukataza chama cha wafanyakazi mwili wote ulisisimka. Maneno yamebadilishwa kidogo ila ni kilekile. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado wanakiandika.

Changu mimi kilikuwa ukurasa wa nne, kipengele cha 17. Mkataba wote ulikuwa kwa Kiingereza kwaiyo wengi wetu hata tungepewa siku nzima tusingeambulia kitu. Nilikuja kukisoma mwaka mmoja na miezi mitano baadae, usiku, na kamusi ya mwanafunzi wa jirani. Kilikuwa kinasema mwajiriwa anakubali kwamba muda wote wa ajira yake hatajiunga na chama chochote cha wafanyakazi, hatahudhuria mikutano yake wala hatamshawishi mwenzake ajiunge, na akifanya lolote kati ya hayo ajira yake inakoma siku hiyohiyo bila malipo ya notisi.

Kwa nini nilikisoma usiku ule, hapo inabidi nieleze vizuri.

Kazi yetu ilikuwa madumu. Mashine inashusha plastiki ya moto kama soksi, moldi mbili, yaani kalibu za chuma, zinafunga, upepo unapulizwa ndani, zinafunguka, dumu linatoka likiwa bado la moto unalidaka na kisu unakata yale mabaki ya juu na chini, unaweka pembeni, linakuja lingine. Shifti masaa kumi na mbili. Kila mashine ina mlango wa chuma wenye swichi, ukifungua mlango mashine inatakiwa isimame yenyewe. Ila mashine ikisimama mpaka iwake tena na ipate joto lake idadi ya madumu inashuka, na idadi ikishuka supavaiza anaulizwa, basi ile swichi ya mashine ya tatu ilifungwa waya. Waya wa kawaida tu wa kufungia nondo, kila aliyepita pale aliuona. Mlango unaufungua na moldi zinaendelea kufunga na kufunguka kama hakuna mtu.

Kijana wa mashine ya tatu alikuwa na miaka kama 22 hivi, mtu wa Lindi, mcheshi sana. Dumu liligoma kudondoka, akaingiza mkono kulichomoa kama tulivokuwa tunafanya wote. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Sitaelezea zaidi, ila usiku wa siku ile ndo nilikisoma kile kipengele. Alipewa laki moja na nusu na hela ya bajaji, na mwezi ulivoisha akaambiwa mkataba wake wa miezi mitatu umeisha na hawatauongeza.

Sasa kitu kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Ule waya tuliujua wote, na tulijua wote kwamba siku moja utamla mtu, na hakuna hata siku moja tulikaa watu watatu tukasema jamani twende ofisini tukaseme. Sio kwamba tulikuwa waoga kwa asili. Kuna mzee wa kwenye krasha, pale tunaposagia plastiki mbovu, alikuwepo toka kiwanda kinafunguliwa, nilimuuliza mzee wangu mbona hatusemi, akanijibu taratibu tu, "Mwanangu, tulisaini." Alikuwa hajui kilichoandikwa, hajawahi kusomewa, ila alijua kwamba alisaini kitu kinachokataza watu kukaa pamoja, na alishaona wawili wametolewa kwa hicho. Kwaiyo kipengele kilichoandikwa kwa ajili ya chama kilikuwa kimeshavuka chama kikafika mpaka kwenye meza ya mama ntilie, mkikaa wanne mnakula wali maharage mmoja ananyanyuka anahama meza ili isije ikasemwa mnafanya kikao.

Na ndo maana huwa nasema ukiona kipengele cha hivo usifikirie kwamba ni suala la makato ya kila mwezi na kadi ya uanachama, hiyo ni sehemu ndogo mno, kazi yake kubwa ni kuhakikisha kila mtu anabaki peke yake na shida zake.

Baada ya ile ajali akaanza kuja mama mmoja wa chama cha wafanyakazi wa viwandani. Geti hawakumfungulia, kwaiyo alikuwa anasimama upande wa pili wa barabara chini ya mwarobaini, na bahasha yake ya kaki na mwamvuli, saa kumi na mbili jioni shifti zinapobadilishana. Watu wanatoka getini mia na kitu, wakimwona wanainamisha macho, wanapita haraka kama wanamkimbia mtu wanayemdai au anayewadai. Alikuja siku nne mfululizo. Siku ya tano mi nilivuka barabara.

Nilimwambia shikamoo mama, mi siwezi kujiunga, nilisaini. Akasema marahaba mwanangu, ulisaini nini? Nikamwambia. Akasema kesho niletee huo mkataba. Nikamletea, tukakaa kwenye kibanda cha mama ntilie kwa nyuma kabisa kwenye magunia ya mkaa, akavaa miwani, akafungua moja kwa moja ukurasa wa nne kama anayejua njia ya nyumbani kwake, akasoma, akanirudishia. Akaniuliza, "Wangekuandikia hapa kwamba ukiugua usiende hospitali, ungesaini?" Nikasema labda ningesaini mama, nilikuwa na shida. Akasema, "Na ukiugua?" Nikasema ningeenda. Akatoa fomu.

Ile fomu ndo TUF 6, unamruhusu mwajiri akukate ada ya chama. Asilimia 2 ya mshahara wangu wa laki na ishirini, elfu mbili na mia nne. Niliijaza kwa mkono unaotetemeka, kiukweli kabisa, na kalamu ya siku ile haikuwa na uzi.

Kitu alichonieleza yule mama pale kwenye magunia ndo ninachotaka kila mtu anayesaini mkataba akijue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 9, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi na kushiriki shughuli zake halali, na inakataza mtu yeyote kumbagua mfanyakazi kwa sababu ni mwanachama au aliwahi kuwa mwanachama, na anayekiuka anatenda kosa. Kosa, sio kutoelewana tu. Wapo ambao sheria yenyewe imewaweka pembeni, wanajeshi, polisi, magereza na JKT, na mameneja wa juu hawaruhusiwi kuwa kwenye chama kilekile cha wale wanaowasimamia, sawa, hilo lina mantiki yake. Ila mkata madumu sio meneja wa juu. Na nyuma ya sheria hiyo kuna Katiba, ibara ya 20, na kuna mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 ambao Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, tumetoka kupata uhuru juzi tu, na kifungu chake cha kwanza kabisa kinataja kitu hikihiki kwa jina lake, kwamba mfanyakazi alindwe asije akaajiriwa kwa sharti la kutojiunga na chama au kujitoa kwenye chama. Kwa wasomaji wa Kenya, ninyi mnayo kwenye katiba yenu ya 2010, ibara ya 41, imeandikwa wazi kabisa.

Kwaiyo kipengele cha 17 hakikuwa na nguvu yoyote. Kilikuwa wino tu. Nilikaa pale nikawa najiuliza, sasa imekuwaje wino umetushika watu mia na kitu kwa miaka yote hiyo?

Hilo swali lilinisumbua sana baadae nilivokuwa nyumbani sina kazi, na nikaanza kusoma, usiku, kwenye simu, bando za usiku zile za bei rahisi. Na nilikuta kwamba kuna nchi ambayo karatasi kama ile ilikuwa na nguvu kwelikweli, mahakama zikiwa zimesimama nyuma yake. Marekani.

Kule waliuita mkataba wa mbwa wa njano. Kwao mbwa wa njano ni kama sisi tunavosema mbwa koko, asiye na mwenyewe, anayemfuata yeyote aliyeshika mfupa, na wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanasema ukisaini ule mkataba umejishusha ukawa hivo. Mimi sipendi sana hilo jina maana linamtukana aliyesaini badala ya aliyeandika, na aliyesaini mara nyingi ana mtoto nyumbani kama nilivokuwa mimi. Ila ndo jina lililobaki.

Mwaka 1898 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukataza jambo hilo kwenye reli. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya nchi ikaifuta, kesi ya Adair, kwa hoja kwamba mwajiri na mfanyakazi wako huru kukubaliana wanavotaka. Jimbo la Kansas nalo lilikuwa na sheria yake ya 1903, ikafutwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1915, na hiyo kesi niliisoma mara mbili kwa sababu ya mtu mmoja anaitwa Hedges. Alikuwa mfanyakazi wa reli, anahamisha mabehewa, mwanachama wa chama cha watu wa kazi yake. Msimamizi akamletea karatasi asaini kwamba anajitoa. Akakataa kusaini, na akakataa kujitoa, akafukuzwa. Na mle ndani ya hukumu imeandikwa kwamba kupitia chama alikuwa na kinga kama ya bima ya dola 1,500 ambayo angeipoteza akijitoa. Yaani yule mtu alikuwa anaambiwa aitupe akiba ya familia yake ili aendelee kupewa kazi, na majaji wakasema hayo ni makubaliano ya watu wawili walio huru. Jaji Holmes alipinga, akasema mfanyakazi anaweza kabisa kuamini kwamba ni kwa kuwa kwenye chama tu ndo atapata mkataba wa haki. Alikuwa upande wa wachache.

Alafu ikaja Desemba 1917, kampuni ya makaa ya mawe ya Hitchman huko West Virginia. Hapa ndo nilishika kichwa. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa wachimbaji waliajiriwa kwa sharti la kutokuwa wanachama, basi mtu wa chama anayekuja kuwashawishi anaingilia mkataba wa watu, na mwajiri ana haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumzuia. Yaani yule mama wangu wa mwarobaini, kule angeletewa zuio la mahakama. Na mwaka 1927 zuio moja kule West Virginia lililinda kampuni zaidi ya 300 kwa mpigo.

Na tukumbuke hawa watu waliishi kwenye nyumba za kampuni. Ukijiunga na chama unapoteza kazi na nyumba siku hiyohiyo. Tarehe 19 Mei 1920 kwenye kamji kanaitwa Matewan walikuja walinzi wa kukodiwa wa Baldwin-Felts kuzitoa familia za waliojiunga na chama, vitanda na sufuria vinawekwa barabarani, na jioni yake pale kituo cha treni zikapigwa risasi, wakafa watu kumi, saba kati yao walinzi hao, na meya wa mji naye akafa. Familia zilizotolewa zikaishi kwenye mahema. Mwaka uliofuata maelfu ya wachimbaji walishika bunduki kwenye mlima Blair. Nchi iliyopigana vita ndani kwa ndani kwa sababu, pamoja na mengine, ya sentensi moja kwenye karatasi ya ajira.

Iliisha vipi? Kwa sheria. Jaji Parker, aliyeandika ile hukumu ya 1927, aliteuliwa mwaka 1930 kwenda Mahakama Kuu na Seneti ikamkataa kwa kura 41 kwa 39, vyama vya wafanyakazi vilimpinga kwa hukumu ile na NAACP, jumuiya ya kutetea haki za watu weusi, ilimpinga kwa maneno aliyowahi kuyasema kuhusu watu weusi kwenye siasa. Tarehe 23 Machi 1932 Rais Hoover akasaini sheria ya Norris na LaGuardia, ikasema ahadi kama hizo hakuna mahakama ya serikali kuu itakayozitekeleza tena.

Sasa ona. Wale walipigana mpaka 1932 ili karatasi inyang'anywe nguvu ya mahakama. Sisi karatasi yetu haina nguvu ya mahakama hata kidogo, na bado inatufanyia kazi ileile iliyofanya West Virginia, kwa sababu nguvu yake iko kwa aliyesaini mwenyewe. Mtu wa kwetu amelelewa kwamba ukiweka sahihi umetoa neno, na neno la mtu mzima halirudi. Yule mzee wa krasha aliposema tulisaini alikuwa anaongea kama muungwana. Walichukua uungwana wake wakaufanya kufuli.

Kuna jambo lingine pia na sio la waajiri. Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka ya 80 na alikuwa anakatwa ada ya JUWATA, chama pekee cha wafanyakazi wakati ule, kila mwezi bila kuulizwa, kabla yake ilikuwa NUTA iliyoundwa 1964 vyama vya zamani vilipovunjwa, na kwake chama cha wafanyakazi kilikuwa ni sawa na ofisi nyingine ya serikali, wanakata hela na huwaoni. Nilivomwambia nimejiunga aliniambia mwanangu hao watakula hela yako tu. Namwelewa. Kizazi kizima kilikua hakijawahi kuona chama chake chenyewe, kwaiyo ukikiambia kimenyimwa haki ya kujiunga hakioni kimenyimwa nini.

Turudi kwangu. Tulijaza fomu watu kumi na moja. Siku fomu zilipopelekwa ofisini tuliitwa mmojammoja, na mkataba upo mezani umefunguliwa ukurasa wa nne, kumewekwa alama ya kalamu ya njano. Nikaulizwa hii sahihi ya nani? Nikasema yangu. Kwaiyo umevunja mkataba? Pale nilinyamaza, yale yote niliyofundishwa kwenye magunia yalinitoka. Saba kati yetu walisaini barua ya kujitoa siku hiyohiyo na siwalaumu hata mmoja. Wanne tuligoma, na mwezi ulivoisha sote wanne mikataba yetu haikuongezwa.

Walidhani wako salama maana mikataba ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na sheria ya wakati ule ilisema mwenye chini ya miezi sita hawezi kudai kaachishwa isivyo halali. Yule mama akanishika mkono akanihesabia kwenye vidole vyangu, mkataba wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, miezi kumi na nane. Sheria hiyohiyo ilisema iwe ni kwa mkataba mmoja au mingi, inajumlishwa. Na kutoongezewa mkataba wakati ulikuwa na kila sababu ya kutegemea utaongezewa, hiyo nayo inahesabika ni kuachishwa. Kuna fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unaijaza ndani ya siku 30. Tulijaza wawili. Wenzetu wawili walienda kijijini kwanza kupumua na siku zikawapita, na mmoja wao ndo alikuwa na haki nyingi kuliko sisi wote, miaka minne alikaa pale.

Siku ya usuluhishi nilivaa shati la harusi ya kaka yangu. Chumba kidogo, feni moja, msuluhishi dada mmoja mtulivu, mi na yule mama upande huu, upande ule afisa utumishi na wakili wao. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa ajili ya kipengele cha 17, nimekariri kifungu cha 9 kama shairi, nasubiri tu waseme. Wakaongelea uzalishaji umepungua. Wakaongelea msimu. Wakaongelea kwamba mkataba uliisha wenyewe. Msuluhishi akauliza kuna sababu nyingine yoyote? Wakili akamwangalia afisa utumishi, afisa utumishi akaangalia faili lake. Lilikuwa pale mezani, la kijani, kwa pembeni naiona kabisa ile kona ya karatasi yenye wino wa njano umechungulia nje. Aliweka mkono juu yake. Akasema hapana, hakuna.